Mto Kiwira: Afya ya Mto Hupimwa Kiangazi

Mto Kiwira unapojaa mwezi Machi na Aprili, ni rahisi kuamini kuwa hauna tatizo. Hata hivyo, maji ya masika huonesha zaidi kiasi cha mvua iliyonyesha. Hali halisi ya mto hubainika kati ya Agosti na Oktoba, mvua zikiwa zimekoma na mto ukitegemea maji yaliyohifadhiwa ardhini.

Hazina hiyo inatokana na maumbile ya Wilaya ya Rungwe. Mlima Rungwe, wenye urefu wa takribani mita 2,960, ni wa asili ya volkano. Udongo na miamba yake hunyonya maji ya mvua na kuyaachia polepole kupitia chemchemi. Msitu wa mlima huo, uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009, hupunguza kasi ya mvua na kuyapa maji muda wa kuzama.

Mteremko wa eneo hili nao ni mkali. Maji ya Kiwira huishia Ziwa Nyasa, lililo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Hivyo, uoto wa miteremkoni unapoondolewa, maji hukimbia juu ya ardhi badala ya kuzama. Matokeo yake ni mawili: wananchi wa Kyela hupata mafuriko na tope wakati wa masika, na vijito vya Rungwe hupungua wakati wa kiangazi. Chanzo ni kimoja.

Hapo ndipo sheria inapogusa maisha ya mkulima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Kwa kaya ya Lufingo yenye shamba dogo bondeni, mita 60 si jambo jepesi. Huenda ndiyo sehemu yenye rutuba kuliko zote. Lakini kijito kikikauka, hasara haitaishia kwa mwenye shamba hilo. Itawafikia majirani wote wanaokitegemea kwa maji ya nyumbani, mifugo na bustani.

Kwa msingi huo, wananchi wanashauriwa kuacha uoto wa asili kwenye kingo na kutopanda mikaratusi karibu na chemchemi, kwa kuwa miti hiyo hutumia maji mengi. Anayekusudia kuchepusha maji kwa ajili ya umwagiliaji anapaswa kwanza kupata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye ofisi zake Tukuyu. Kibali hicho huiwezesha Bodi kufahamu nani anatumia maji na kwa kiasi gani, ili kiangazi kinapofika, maji yaliyopo yagawanywe kwa haki.