Daftari la Wiki: Vijana wa Baltimore na Mizani ya Vipaji

Maskauti wa besiboli Marekani wana mizani yao ya kumpima kijana. Inaanzia 20 na kuishia 80, na 50 ni mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu. Hupima mambo matano: kuupata mpira kwa gongo, nguvu ya kuupeleka mbali, mbio, mkono wa kurusha na uwezo wa kudaka. Ni kazi ya macho na uvumilivu, nami naiheshimu. Ila kuna jambo moja ambalo mizani hiyo hailifikii: kijana atafanya nini siku atakapojikuta, kwa mara ya kwanza maishani, si bora kuliko wenzake. Kwenye timu inayojengwa upya, hilo ndilo ninaloliangalia kabla ya mengine yote.

*

Chukua Baltimore Orioles. Mwaka 2018 walipoteza mechi 115 kati ya 162. Julai ya mwaka huo walimpeleka nyota wao, Manny Machado, Los Angeles Dodgers, wakapewa wachezaji watano. Aliyetajwa kuwa lulu ya biashara ile alikuwa Yusniel Díaz. Aliishia kuichezea Orioles mechi moja tu ya Ligi Kuu. Dean Kremer, mmoja wa wale watano ambaye wakati ule hakuimbwa sana, ndiye aliyekuja kuwa mrushaji wa kutegemewa. Wanaotangaza mshindi wa biashara ya vijana jioni ileile inapofungwa wangeanza kwa kuisoma hii.

*

Mike Elias alipokabidhiwa usimamizi wa kikosi Novemba 2018, akitokea Houston, hakuahidi miujiza. Timu ikapoteza 108 mwaka 2019 na 110 mwaka 2021. Kwa msomaji aliyezoea soka: huku vijana wanaotoka shule na vyuo vya Marekani hawagombaniwi kwa pesa, wanachaguliwa kwa zamu, na kwa miaka mingi aliyeshika mkia ndiye aliyeanza kuchagua. Ndivyo Orioles walivyompata Adley Rutschman, mdakaji, chaguo la kwanza kabisa la 2019. Katika uchaguzi huohuo, wakiwa wameshafika nafasi ya 42, wakamchukua Gunnar Henderson.

Rutschman alipandishwa Ligi Kuu tarehe 21 Mei 2022. Hadi hapo timu ilikuwa imeshinda 16 na kupoteza 24. Mechi zilizobaki walishinda 67 na kupoteza 55. Sisemi ni kazi ya mtu mmoja. Lakini mtazame alivyokuwa akisimama na gongo msimu ule: mpira unakuja kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa, umetoka umbali wa mita 18 na kitu, ana kama sekunde 0.4 za kuamua, naye anauacha upite kwa sababu umekwenda nje kidogo. Mabega hayajatikisika. Kijana anayejua mpira wa kuuacha amenishawishi kuliko yule anayepiga mmoja ukapotelea jukwaani na kukosa mitano inayofuata.

Mwaka 2023 Orioles walishinda 101. Henderson akachaguliwa mchezaji chipukizi bora kwa kura zote. Halafu Texas Rangers wakawatoa kwenye mtoano, mechi tatu kwa sifuri.

*

Jackson Holliday nimemfikiria wiki nzima. Chaguo la kwanza la 2022, mtoto wa Matt Holliday aliyewahi kutamba St. Louis, na aliyepewa namba moja kati ya vijana wote wa besiboli kabla ya msimu wa 2024. Akapandishwa Aprili, umri miaka 20. Katika mechi kumi alipata mipigo miwili kwa majaribio 34, na mara 18 alitolewa kwa straiki tatu. Wakamrudisha Norfolk, ligi ya chini.

Alirejea mwisho wa Julai. Tarehe 31, nyumbani dhidi ya Toronto, besi zote tatu zikiwa na wenzake, aliupiga mpira ukavuka uzio wa kulia na kwenda kudundia Eutaw Street, njia inayopita kati ya uwanja na lile ghala refu la matofali. Ilikuwa homurani yake ya kwanza Ligi Kuu. Msimu ule bado ulimalizika kwa wastani mdogo, na mwenye haraka angeweza kumwandika kuwa ameshindikana. Mimi nakataa. Kijana wa miaka 20 aliyeaibishwa mbele ya nchi nzima, akaenda kurekebisha upigaji wake kimyakimya na kurudi akiwa na ujasiri wa kuushambulia mpira, ameshanionyesha kitu ambacho ile 20 hadi 80 haina safu yake.

*

Lawama ninayo pia, na ni nzito. Kuanzia 2019 hadi 2024, kila aliyechaguliwa na Orioles kwanza kabisa alikuwa mpigaji. Sababu yao inaeleweka: mkono wa mrushaji huumia wakati wowote, mpigaji ni dhamana salama zaidi. Lakini mechi haichezwi bila mrushaji. Grayson Rodriguez, waliyempata kabla ya Elias, hakurusha mpira hata mmoja Ligi Kuu mwaka 2025 kwa majeraha, na timu ikamaliza na ushindi 75 na vipigo 87, mkiani mwa kundi lake. Kocha Brandon Hyde alifukuzwa Mei. Nadhani alibebeshwa mzigo wa waliopanga kikosi.

*

Kwetu Afrika Mashariki wenye habari ni Waganda. Watoto wa Lugazi walicheza mashindano ya dunia ya Little League huko Pennsylvania mwaka 2012, na miaka kumi baadaye Dodgers wakawasajili Ben Serunkuma na Umar Male. Vijana kama hao hawajakulia kwenye mechi mia kwa mwaka kama wenzao wa Texas au Santo Domingo. Kuwapima kwa takwimu za msimu mmoja ni kuwaonea; wapewe muda mrefu zaidi, na walimu wazuri zaidi.

*

Jina la kuandika kwa wino: Samuel Basallo, mdakaji kutoka Jamhuri ya Dominika, nchi ambayo Orioles kwa miaka mingi hawakuitilia maanani. Alisajiliwa 2021 akiwa na miaka 16. Agosti 2025 alipanda Ligi Kuu, na ndani ya siku chache akasaini mkataba wa miaka minane wa dola milioni 67. Rutschman naye ni mdakaji, na nafasi ni moja. Ningempa Basallo mechi mbili kwa wiki nyuma ya besi ya nyumbani, zilizobaki apige tu, na nisingeligusa gongo lake hata atakapopita mwezi mzima bila kupiga vizuri.