Daftari la Wiki: Taa za Nunguni

Ukungu wa vilima vya Kilungu, ambao wageni huusifu, wachuuzi wauhesabu kuwa maficho ya wezi.

*

Laniudhi jambo moja kila juma. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, ilizikabidhi kaunti taa za barabarani na polisi ikawabakiza kwa serikali ya kitaifa. Basi mwanamke afikaye soko la Nunguni kabla ya alfajiri, mtaji wake ameufunga katika ncha ya leso, husimama baina ya serikali mbili, moja yenye taa za mulika mwizi na nyingine yenye askari, na akinyang'anywa, kila moja yaweza kumwelekeza kwa mwenzake. Sheria ya polisi ya 2011 iliunda mamlaka ya polisi katika kila kaunti, gavana au mjumbe wake akiwa mwenyekiti, ili pande hizo ziketi pamoja. Na kikao hicho chapasa kuwasikiliza wachuuzi kwanza. Wala mtu asidai kwamba hofu pasipo wizi si hasara: afungaye kibanda kabla ya magharibi, ilhali wateja washukao matatu za Salama bado wako njiani, amepoteza chumo la siku ingawa hakuguswa na yeyote, na hasara hiyo haiandikwi katika kitabu cha matukio cha kituo chochote. Huko Dar es Salaam, uliokuwa miongoni mwa miji ya mwanzo katika mpango wa miji salama ulioasisiwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1996 kwa ombi la mameya wa Afrika, wanawake wa Manzese walitembea mitaani mwao wakionyesha pembe wanazoziogopa. Huo ndio ujuzi, nao haununuliwi.

*

Hata wezi wakitukasirisha, kumchoma mtuhumiwa kwa tairi ni uuaji.

*

Mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kulindana, uliohimizwa mwaka 2013 baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, wafaa mtaani. Lakini vilimani kwetu, ambako nyumba kumi zaweza kutapakaa pande mbili za bonde, jirani hasikii yowe.

*

Kijana wa bodaboda aliyemngoja muuza parachichi hadi akafunga hesabu, kisha akamfikisha mlangoni, amenifurahisha mno.

*

Kaunti yetu ya Makueni imepata sifa kwa kuwashirikisha raia katika bajeti tangu vijijini. Enyi wachuuzi wa Kilungu, nendeni katika baraza lijalo, mtaje kila pembe yenye giza kwa jina lake, na msiondoke mpaka iandikwe.