USHAURI WA BWANA SHAMBA: Kwa Nini Upepo Huezua Bati?



Mvua za kwanza zinapokaribia, mara nyingi upepo mkali hutangulia. Punde utasikia nyumba ya fulani imeezuliwa. Wengine husema upepo umelisukuma paa. Wengine hutafuta mchawi. Ukweli ni kwamba upepo hulinyanyua paa.

Jaribu mwenyewe. Chukua kipande chembamba cha karatasi. Shika ncha moja chini ya mdomo wako, ncha ya pili ining'inie. Sasa puliza juu ya karatasi. Je, imeshuka? La, imeinuka.

Paa nalo ni hivyo hivyo. Upepo ukipita juu yake hukimbia zaidi. Hapo hewa ya juu hupunguza nguvu ya kukandamiza bati. Hewa ya ndani ya nyumba haikupunguza nguvu yake, basi husukuma bati kwenda juu. Mlango au dirisha linaloelekea upepo likiwa wazi, upepo huingia na kusukuma zaidi. Pembeni na upenuni ndiko bati huvutwa sana.

Bati la geji 30 lenye futi 10 halifiki kilo 10. Upepo wa kilomita 72 kwa saa unaweza kulivuta juu kwa nguvu ya kilo 50 hivi, sawa na mfuko wa saruji. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara 2, nguvu huwa mara 4. Hiyo ni mifuko minne kwa bati moja!

Mimi nilijifunza kwa hasara. Juu ya bati za ghala langu la kwanza niliweka mawe badala ya misumari ya kutosha. Upepo ukanyanyua bati, jiwe likaanguka mahali watoto walipokuwa wakichambua karanga muda mfupi kabla. Watoto walipona. Magunia 6 ya mahindi yalilowa, yakaoza.

Basi fanya hivi:

1. Tumia misumari ya bati yenye kofia. Ncha ikitokeza chini ya pao, ikunje.
2. Ongeza misumari pembeni na upenuni.
3. Funga mapao kwenye kenchi, na kenchi kwenye boriti iliyo juu ya ukuta, kwa waya mnene.
4. Boriti hiyo nayo ifungwe kwa waya uliojengewa ndani ya ukuta, mistari kadhaa ya matofali chini. Ukifunga juu tu, paa zima litaondoka pamoja na mbao zake.
5. Upepo ukianza, funga milango na madirisha. Usitoke nje kushika bati. Bati linaloruka hukata kama panga.

Vimbunga havitufikii mara nyingi, ingawa Lindi ilipigwa mwezi wa Aprili, 1952. Lakini upepo wa mvua huja kila mwaka. Usiungoje. Leo hii panda ngazi, ukague misumari yako.