Yasmini Imehukumiwa, Ndoo Imeachiwa

Mimea itambaayo, yaani ile ambayo shina lake haliwezi kusimama bila mhimili wa kulifikisha kwenye mwanga, haitambai kwa namna moja, na kutoijua tofauti hiyo ndiko kunakowafanya wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam waamini kwamba kila jani lililo karibu na ukuta linautafuna. Ipo inayojigandisha kwa vijizizi vya shina, kama mtini mdogo uitwao kitaalamu Ficus pumila, na huo kweli hutoka na rangi unapobanduliwa. Pasheni hujishika kwa vikono, yaani nyuzi laini zinazojizungusha kwenye chochote chembamba. Bogenvilia hujiegemeza kwa miiba. Yasmini hujisokota au kujilaza juu ya mhimili. Hii mitatu ya mwisho haipandi ukuta mtupu hata ikibembelezwa: inataka waya au chanja.

Elimu hiyo haijamfikia mwenye nyumba mmoja wa Kinondoni, ambaye wiki hii aliamuru yasmini ya mpangaji wake ikatwe kwa panga kwa madai kwamba inakula lipu. Mwandishi wa safu hii alikuwapo ng'ambo ya barabara, na hasira yake, ingawa mmea ni wa watu, haijapoa. Yasmini ile ilitandazwa juu ya nyaya zilizoachana na ukuta kwa upana wa kiganja, hewa ikipita nyuma yake. Mkosaji alikuwa chini: ndoo ya rangi ya lita 20 ambamo mmea huo ulipandwa (wasomaji wa siku nyingi wanaifahamu, kwa kuwa imekwisha kupita hapa ikiwa kiti, kipimo cha mkaa na benki ya upatu), iliyotobolewa upande wa ukutani na kusukumwa mpaka ikagusana nao. Kila ilipomwagiliwa, maji yaliyozidi yaliingia kwenye tofali la saruji, ambalo huyafyonza na kuyapandisha pamoja na chumvi. Yanapokauka, chumvi hugeuka fuwele nyuma ya lipu na kuisukuma nje.

Tiba yake ni matofali mawili chini ya ndoo, tundu ligeuzwe nje, na ndoo isogezwe mbele kidogo, ambako hata mvua inayozuiwa na paa itaifikia. Fundi aliyeitwa kuutazama ukuta, hata hivyo, alishauri beseni la kukingia maji, ushauri unaofaa sana kwa Aedes aegypti, yaani mbu anayeeneza homa ya dengi iliyolisumbua jiji hili mwaka 2014 na 2019, kwa kuwa hutaga katika vyombo vya namna hiyo na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi.

Beseni limenunuliwa. Lipu, kwa taarifa ya mwenye nyumba, inabanduka pia upande wa bafuni kwake, mahali ambapo hapajapata kuota hata ukoka, na panga bado halijapelekwa huko.