Rangi ya kuzuia kutu: boti inapona, na mapafu ya fundi je?

Barabara ikiharibika, ziwa njo linabeba watu. Kati ya Goma na Bukavu, kati ya Uvira na Kalemie, abiria na mizigo wanapita majini, na boti za chuma zinafanya kazi karibu bila kupumzika. Lakini chuma na maji havipatani. Kila boti inapopandishwa ufukweni kwa matengenezo, kazi ni ile ile: kukwangua kutu, kupaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ile mafundi wanaita antiruyi, kisha rangi ya juu, halafu kurudisha chombo majini haraka. Kazi ya namna hiyo iko pia kwenye matangi ya mafuta, kwenye hangari na kwenye mabomba makubwa ya maji.

Hakuna mtu anabisha kama kazi hii ni ya lazima. Chuma yenye kuliwa na kutu inatoboka, na boti yenye kutoboka inazamisha watu. Swali lenye haliulizwi sana ni hili: rangi inalinda chuma, nani analinda mwenye kuipaka?

Kutu inakula hewa

Hatari ya kwanza inakuja hata kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Chini ya sakafu ya boti za chuma muko vyumba vyenye kufungwa kabisa, vyenye vinasaidia chombo kuelea. Kutu inatokea wakati chuma inashikana na oksijeni. Kwa hiyo chumba chenye kilifungwa miezi mingi, kutu yake imekula oksijeni ya ndani polepole. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5, sheria za usalama za nchi nyingi zinakataza mtu kuingia bila kifaa cha kumletea hewa. Ikifika karibu na 10, mtu anaweza kuzimia. Chini ya 6, anakufa kwa dakika chache.

Hewa hiyo haina harufu, haina moshi, na haiwashi macho. Fundi anashuka, miguu inalegea, anaanguka. Mwenzake anaruka ndani kumwokoa, naye anaanguka. Ndivyo ajali za namna hii zinavyoendelea ulimwenguni pote: mara nyingi wenye kufa ni wale waliokimbia kusaidia.

Mazuku ndani ya boti

Hatari ya pili, watu wa Goma wanaweza kuielewa upesi juu wanajua mazuku. Ile gesi ya volkano ni nzito kuliko hewa, inalala ndani ya mabonde na mashimo, na mtoto mwenye kutembea chini anaipata mbele ya mtu mzima. Mvuke wa rangi na wa diluanti unafanya vilevile: unashuka, unajaza sehemu ya chini ya tangi au ya boti, palepale fundi anapopiga magoti na burashi yake.

Kuna tofauti moja, na ni mbaya: mazuku haiwaki, lakini mvuke wa diluanti unawaka. Cheche moja ya mashine ya kuchomelea, taa yenye waya kuchanika, sigara, hata jenereta yenye kuwekwa karibu na mlango, inatosha. Kwa hiyo kuchomelea upande mmoja wa boti wakati upande mwingine wanapaka rangi, hata kama inaokoa siku moja, ni kucheza na moto kwa maana yake kamili.

Vumbi, esansi na maziwa

Madhara mengine hayaonekani siku ileile. Rangi za zamani za kuzuia kutu zilitengenezwa mara nyingi na risasi au kromati. Ukikwangua boti ya zamani bila maji, vumbi lake linaingia mapafuni, na mengine yanafuata nguo mpaka nyumbani kwa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini chenye kinajulikana kuwa salama. Mchanga wenye kurushwa kwa kompresa kwa kusafisha chuma unaweza kuwa na silika, yenye inaleta ugonjwa wa mapafu usio na dawa ya kuuponyesha, na inafanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Rangi za kisasa za kopo mbili, zile wanachanganya na dawa ya kukazia, zinaweza kuleta upele wa ngozi na pumu ya kudumu. Tangu mwaka 1989, kituo cha kimataifa cha utafiti wa saratani, chenye makao Lyon, kimeweka kazi ya kupaka rangi kati ya mambo yenye yanaleta saratani kwa binadamu.

Tena kuna mazoea. Esansi inatumiwa kwa kulainisha rangi na kunawa mikono, na ndani yake muko benzini ya kikemia, yenye inaharibu damu. Kashene ya kitambaa inapunguza vumbi kubwa tu, mvuke unapita. Na maziwa, yale patroni ananunua jioni kwa “kusafisha kifua”, yanaenda tumboni, siyo mapafuni. Ni chakula kizuri, lakini si kinga.

Juu ya nini inaendelea?

Ukipiga hesabu, sababu inaonekana. Boti yenye kukaa ufukweni haiingize pesa. Fundi mara nyingi analipwa kwa kazi yote, siyo kwa siku, naye anakimbia. Kuingiza hewa ndani ya chumba kunaomba masaa, na kungoja mvuke uishe kabla ya kuchomelea kunaomba siku. Ule muda wenye kuokolewa unamfaidisha mwenye boti leo. Deni lake linalipwa nyuma, na familia ya fundi, kwa dawa na kwa siku bila kazi.

Wengi wanaamini kama kibarua bila karatasi hana haki. Si kweli. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho, mpaka ithibitishwe vingine. Mtu wa siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena mbele miezi hiyo iishe, anahesabiwa vilevile. Na malipo ya ajali na magonjwa ya kazi yako katika majukumu ya CNSS. Lakini mtu asiyeandikishwa atapata shida kudai. Ndiyo maana kushika alama ya siku zilizofanywa, ndani ya daftari au simu, si jambo dogo.

Yenye inawezekana bila pesa mingi

Kufungua vifuniko vyote mapema, na kusukuma hewa safi mpaka chini kwa feni yenye kubaki nje na bomba. Mwenye kuwa na kifaa cha kupima oksijeni na gesi apime mbele ya mtu kushuka. Mahali kifaa hakipo, chumba chenye kufungwa zamani kisiingiwe. Mtu mmoja abaki mlangoni muda wote, na kamba imefungwa kwa mwenye kuwa ndani. Akianguka anavutwa, hakuna kumfuata. Kukwangua kwa maji, halafu kuacha chuma ikauke vizuri mbele ya kupaka. Mask ya kichujio cha mvuke, chenye mstari wa rangi ya kahawia, pamoja na kichujio cha vumbi chenye mstari mweupe. Lakini kichujio hakitengenezi oksijeni. Kunawa kwa sabuni, na kuacha nguo za kazi kazini.

Vyama vya wenye boti vinaweza kununua kifaa kimoja cha kupimia kwa ufuo mzima, na kamati za bandari zinaweza kukataza kuchomelea na kupaka kwa wakati mmoja. Mambo hayo mawili hayangoje Kinshasa.