Matembezi kando ya mto yasiwe ya wenye magari pekee

Daktari akikupima na kukuta presha yako imepanda, atakuandikia tembe, kisha ataongeza maneno machache ambayo wengi wetu huyasahau hata kabla ya kufika kwenye dirisha la dawa: uwe ukitembea. Msomaji, swali ambalo daktari hana nafasi ya kulijibu ni hili: utembee wapi?

Mkazi wa Nairobi anaifahamu taabu hii. Barabara nyingi hazina njia ya miguu, na pale ilipo imekaliwa na wachuuzi na bodaboda. Jioni kuna giza na wakora. Wapo pia watakaocheka na kuuliza, "Sisi tutembee tena, na kila siku twatoka Kibera hadi Industrial Area kwa miguu?" Hao wana haki. Miili yao inafanya mazoezi ya kutosha, na wanachokikosa ni hewa isiyo na moshi wa matatu na saa moja ya kutuliza akili. Maneno yangu ya leo yanamhusu zaidi yule anayetoka kitandani akaingia garini, akatoka garini akaketi ofisini hadi jioni, halafu akamalizia siku mbele ya televisheni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya kila 4 nchini ana shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Sasa, ndani ya jiji hili hili ipo njia ya miguu ambayo mtu mzito, mzee, au anayetoka kuugua anaweza kuipita bila kuhema. Imo katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, mahali panapoitwa Hippo Pools, kwenye vidimbwi vya viboko. Mbuga hiyo ilifunguliwa mwaka 1946, na ndiyo ya kwanza humu nchini. Ina ukubwa wa kilomita 117 za mraba, na upande wake wa kusini haukuzungushiwa ua: mpaka ni Mto Mbagathi, ambao mbele huitwa Athi. Wanyama huuvuka na kwenda nyanda za Kitengela kutafuta malisho.

Kwingineko mbugani ni marufuku kushuka garini, isipokuwa katika sehemu chache zilizotengwa. Hapa unashuka, na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) mwenye bunduki anakusindikiza ukingoni mwa mto. Njia ni tambarare na ina vivuli. Utawaona tumbili juu ya miti, ndege wa kila rangi, na ukibahatika, viboko wakiwa wametoa pua na masikio tu juu ya maji.

Miti mikubwa iliyo hapo ni migunga yenye magome ya manjano. Wazungu wa zamani waliiita miti ya homa, maana kila walipolala chini yake waliamka na malaria. Waliusingizia mti. Mkosaji alikuwa mbu anayezaliana katika maji hayo hayo ambayo mti unayapenda, na ilikuwa mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross alipokiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Tazama basi jinsi mambo yanavyogeuka: mti uliolaumiwa kwa ugonjwa ndio leo unaompa kivuli mtu anayetafuta afya.

Je, mwendo wa pole kama huo una faida? Unayo. Unapotembea, misuli ya mashavu ya miguu hukaza na kulegea, na kila ikikaza inaisukuma damu irudi moyoni. Misuli hiyo hiyo huichukua sukari iliyo katika damu na kuitumia, jambo ambalo mgonjwa wa kisukari analihitaji sana. Mishipa inapozoea kazi hii hulegea, na presha hushuka kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Kipimo cha wastani ni rahisi: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba.

Hapa lazima tuambizane ukweli. Ukitembea na askari mtasimama mara kwa mara kutazama ndege na nyayo, kwa hivyo usizihesabu dakika zote kuwa mazoezi. Na matembezi ya mara moja kwa mwezi hayatatibu chochote. Naipendekeza njia hii kwa sababu nyingine. Mtu aliyeambiwa "fanya mazoezi" huwaza vyuma vya jimu na vijana waliovaa nguo za kubana, akakata tamaa. Mpeleke kando ya mto, atembee saa nzima bila kujua kwamba ametembea, naye atarudi nyumbani akijua kwamba miguu yake ingali inafanya kazi.

Lalamiko langu ni kwamba njia hii imewekwa mbali na wanaoihitaji. Huwezi kuifikia kutoka langoni kwa miguu, kwa sababu simba na nyati wako katikati. Ni lazima uwe na gari. Wagonjwa wengi wanaoketi kwenye mabenchi ya kliniki za presha mtaani hawana gari, na ada ya kiingilio nayo si ndogo kwa mtu wa mapato ya chini. KWS ingefanya jambo la maana kama ingetenga asubuhi moja ya kila wikendi kwa watembeaji, wachukuliwe langoni kwa basi na walipe nauli nafuu. Kaunti nayo, yenye zahanati na wagonjwa, ingegharimia sehemu. Gharama ya kumtibu mtu mmoja aliyepooza ni kubwa kuliko dizeli ya basi hilo.

Hadi hapo, vikundi vya kanisa, msikiti na akina mama wa chama vinaweza kukodi matatu ya watu 14 na kugawana malipo.

Mto wenyewe unahitaji kutetewa. Kabla ya kufika hapo hupita karibu na Ongata Rongai, mji uliokua upesi kuliko mitaro yake ya majitaka, na maji hayo hayo huendelea kama Athi, kisha Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Hatuwezi kuwashauri wagonjwa wakapumzike kando ya mto huku tukiugeuza kuwa choo.

Anayetaka kwenda, aulize kwanza ada za sasa na kama askari wa kusindikiza yupo. Aende asubuhi, akiwa amevaa viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu kwa sababu ya kupe. Asitie mguu majini, asisimame kati ya kiboko na mto, wala asitangulie mbele ya askari. Abebe maji ya kunywa. Tembe za presha azimeze kama alivyoandikiwa. Na akihisi kifua kinambana, aketi chini papo hapo na kumwambia askari, asione haya.