Mdhamini, Mdhaminiwa na Amana ya Ndoa

Mwaka jana tulihudhuria nikaha mjini Tanga ambayo bwana harusi hakuwamo msikitini. Alikuwa Edmonton, nchini Kanada, na sauti yake ilitoka katika simu iliyolazwa juu ya mkeka mbele ya sheikh. Walii akaozesha, bwana akakubali, mashahidi wawili wakainama ili wasikie vizuri, kisha halua na kahawa vikazungushwa. Hapakuwa na mtu hata mmoja, nasi tukiwamo, aliyeuliza swali lililostahili kuulizwa usiku ule: je, ndoa hii itamfikisha binti huyu kwa mumewe? Jibu lilikuja baadaye kwa barua, baada ya fomu kujazwa, ada kulipwa na vipimo vya afya kufanyika. Lilikuwa hapana.

Barua ile haikumtuhumu mtu kwa udanganyifu. Sababu iliyotajwa ni kwamba tangu Juni 2015 kanuni za uhamiaji za Kanada hazimruhusu raia wala mkaazi wa kudumu kumdhamini mume au mke ikiwa mmoja wao hakuwapo kwa mwili wake mahali ndoa ilipofungwa. Ndoa ya wakala, ya simu, ya faksi au ya intaneti haihesabiki kwa ajili ya udhamini, hata kama ni halali kabisa katika nchi ilikofungwa. Walioachiwa mlango ni askari wa majeshi ya Kanada waliozuiwa na kazi yao kusafiri. Kijana wetu wa Edmonton ni dereva wa lori, wala si askari.

Tunajua watakavyosema baadhi ya ndugu zetu. Watatukumbusha kwamba vitabu vya sira vinasimulia jinsi Najashi, mfalme wa Uhabeshi, alivyosimamia ndoa ya Mtume (s.a.w.) na Ummu Habiba, bibi akiwa Uhabeshi na Mtume akiwa Madina. Ni kweli, na hakuna anayebisha kwamba wakala katika nikaha una asili katika fiqhi. Lakini wakala ni mtu aliyeketi ndani ya majlisi, anayeonekana na kusikiwa na mashahidi. Kuhusu simu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 lilipitisha mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano vya kisasa, kisha likaitoa nikaha katika hukumu hiyo kwa sababu ya sharti la mashahidi. Basi hata kabla ya kufika kwa afisa wa uhamiaji, jambo hili lilitaka kufikiriwa zaidi kuliko tulivyolifikiria sisi tuliokula halua.

Hata hivyo kisa chetu si uhalali wa nikaha ile. Wanaotaka kuoana ili waishi pamoja wanahitaji ndoa itakayowawezesha kuishi pamoja, na sheikh anayejua kwamba bwana harusi yuko Toronto au Ottawa anapaswa kujua, au kuuliza, sheria ya huko inataka nini. Tiketi ya ndege ni ghali, nasi hatulifanyii mzaha jambo hilo. Lakini tumeona nyumba zilizotumia fedha nyingi kuliko tiketi hiyo katika sherehe ambayo bwana harusi hakuiona ila katika picha.

Tuingie sasa katika jambo zito zaidi, maana simu huweza kurekebishwa na uongo haurekebishiki kwa urahisi. Mtu anapopokewa Kanada kama mkaazi wa kudumu hutakiwa kutaja kila mtu wa familia yake, wanaofuatana naye na wasiofuatana naye. Asiyetajwa, na kwa hiyo akakosa kuchunguzwa, hutolewa katika kundi la familia linaloweza kudhaminiwa baadaye. Wapo ndugu waliotoka Nyarugusu, Dadaab na Kakuma ambao waliandika kuwa hawajaoa, kwa sababu mtu fulani kambini aliwaambia kwamba jalada la mseja hutembea haraka. Wengine walioa kati ya mahojiano na safari wakaona si lazima kuongeza habari. Walipofika, wakapata kazi na kupanga nyumba, ndipo wakakumbuka kumwita mke. Wakaambiwa kwamba mke huyo, kwa mujibu wa maandishi yao wenyewe, hakuwapo.

Kanuni hii ni kali, nasi tunasema wazi kwamba imewaumiza watoto wasioandika fomu yoyote. Serikali ya Kanada yenyewe ilikiri kwa vitendo ukali huo: Septemba 2019 ilianzisha utaratibu wa muda wa kuwafungulia mlango baadhi ya walioachwa nje ya majalada, hasa jamaa za wakimbizi na za watu ambao wao wenyewe walidhaminiwa na familia. Lakini utaratibu wa muda ni huruma, na huruma haipangiwi safari. Aliyekuwa mkweli alikuwa na njia iliyo nyepesi zaidi: mkimbizi aliyepokewa kutoka ng’ambo akiwa amemtaja mke aliyebaki nyuma hupewa mwaka mmoja tangu kufika kwake wa kuomba afuatwe, bila ya kupitia mlango wa udhamini. Mara ngapi tumeulizwa habari ya dirisha hilo na mtu ambaye mwaka wake umekwisha kupita! Yaliyokuwa yakisemwa kambini yalikuwa ni kuficha. Dirisha hakulitaja mtu.

Na sahihi ya mdhamini je? Hapa ndipo tunapotaka msomaji akae nasi kidogo. Anayemdhamini mume au mke Kanada hutia sahihi ahadi mbele ya serikali kwamba atamtimizia mahitaji ya msingi, chakula, mavazi, makazi na mengineyo, kwa miaka 3 tangu siku mwenzake anapokuwa mkaazi wa kudumu. Kabla ya sheria mpya ya mwaka 2002 ahadi hiyo ilikuwa ya miaka 10. (Quebec ina utaratibu wake wa ziada, na anayeishi huko ausome.) Kwa kawaida mdhamini wa mke hatakiwi kuonyesha kiwango maalumu cha mshahara, tofauti na Uingereza, ambako mwaka 2024 kiwango kilipandishwa kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Kwa kuwa mshahara hauulizwi, wengi huichukulia sahihi yao kuwa jambo la desturi, kama vile kusaini daftari la wageni.

Sivyo. Ahadi ile haivunjiki kwa talaka. Haivunjiki kwa mke kupata uraia, wala kwa mume kufukuzwa kazi, wala kwa wawili hao kuhamia miji tofauti. Ikiwa katika miaka hiyo mdhaminiwa atapokea posho ya ustawi wa jamii, fedha hizo ni deni juu ya mdhamini. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ijulikanayo kwa jina la Mavi, iliyofunguliwa na wadhamini wanane waliokuwa wakidaiwa. Mahakama ikasema kwamba serikali inaweza kumsikiliza mdhamini na kumwahirishia malipo kwa kuangalia hali yake, lakini haina mamlaka ya kumfutia deni. Na asiyelipa hawezi kumdhamini mtu mwingine.

Muislamu hapaswi kushangazwa na hili. Sura ya Al-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba, na Sura ya Bani Israil inatuonya kwamba ahadi ni jambo la kuulizwa. Mume tayari ana wajibu wa kumlisha, kumvisha na kumpa makazi mkewe kwa nikaha yenyewe, kabla hajaiona fomu ya serikali. Kwa hiyo tunapomsikia mtu akilalamika kwamba “serikali ya makafiri” imembebesha mzigo wa mwanamke, tunamuuliza: mzigo upi ambao hukuubeba siku ulipotamka kuwa umekubali? Kilichozidi ni kwamba huyu wa pili ana daftari na hasahau.

Upande wa pili wa sahihi hiyo ndio unaotutia huzuni. Yapo majumba ambamo udhamini umegeuzwa kuwa fimbo. Mke anaambiwa: nilikuleta mimi, nitakurudisha mimi. Paspoti yake imefungiwa sandukuni, simu yake inakaguliwa, mshahara wake wa kusafisha ofisi usiku unaingia katika akaunti isiyokuwa na jina lake, na akinung’unika hutajiwa uhamiaji. Mama mmoja alitueleza kwamba kwa miaka miwili hakuthubutu kumjibu mumewe, kwa kuamini kwamba mume ana uwezo wa kupiga simu mahali na yeye akapandishwa ndege. Alipotuonyesha kadi yake ya ukaazi, tulimsomea tarehe. Alikuwa mkaazi wa kudumu tangu siku aliyotua uwanja wa ndege.

Basi lieleweke. Kabla ukaazi haujatolewa, mdhamini anaweza kweli kuondoa maombi yake, na hapo mke yumo katika hali dhaifu. Lakini ukaazi ukishatolewa, mume hana uwezo wa kuuondoa. Unaweza kuondolewa na dola kwa sababu zilizotajwa katika sheria, kwa mfano ikithibitika kwamba ndoa ilikuwa ya udanganyifu, na mwenye kukabiliwa ana haki ya kusikilizwa. Hasira za mume si mojawapo ya sababu hizo. Kulikuwa na kipindi, tangu Oktoba 2012 hadi Aprili 2017, ambapo waliodhaminiwa wakiwa na uhusiano usiozidi miaka 2 na hawana mtoto pamoja walilazimika kuishi na wadhamini wao miaka 2 wasipoteze ukaazi wao. Sharti lile lilikuwa na msamaha kwa waliodhulumiwa, lakini ni wangapi waliojua? Lilifutwa kwa sababu hiyo hasa, kwamba liliwafunga wadhaifu kwa watesi wao. Fimbo ilivunjwa na serikali mwaka 2017, na wapo waume ambao hadi leo wanaitikisa mpini wake. Kwa wale ambao ukaazi wao bado haujatoka, tangu Julai 2019 kipo kibali cha muda kinachotolewa bila ada kwa aliye ndani ya Kanada na anayekimbia ukatili wa mwenzi wake, alimradi kukaa kwake nchini kulitegemea uhusiano huo.

Tungependa pia kugusa shida ya wanandoa wakweli wasioaminika. Kanuni zilirekebishwa mwaka 2010, na sasa ndoa hukataliwa ikiwa si ya kweli, au ikiwa ilifungwa hasa kwa ajili ya kupata hadhi ya uhamiaji, mojawapo latosha. Afisa hutafuta dalili: picha, barua, ziara, simu, fedha zilizotumwa. Sasa mchukue kijana wa Lamu na binti wa Lamu waliolelewa vyema, waliozungumza mara chache mbele ya wazee, wakaoana. Hawana picha za uchumba, maana hawakuwa na uchumba wa namna hiyo. Tunawashauri wasione haya kueleza desturi zao kwa maandishi, na watunze karatasi ambazo desturi zetu wenyewe huzizalisha: barua ya posa, hati ya mahari, cheti cha kadhi, risiti za fedha zilizotumwa kwa mama mkwe, kumbukumbu za simu. Ndoa ya kupangwa na wazee si dosari mbele ya afisa anayejua kazi yake. Na anayekataliwa akiwa ng’ambo, mdhamini wake ana siku 30 tangu kupokea barua kukata rufaa. Barua isifichwe chini ya godoro kwa aibu.

Wanaouza ndoa za bandia hatuna mengi ya kuwaambia. Kusema uongo katika maombi humfungia mtu mlango wa Kanada kwa miaka 5, na anayelipia “mke wa karatasi” ameinunua nikaha kama tiketi. Kuhusu wake wawili, sheria ya huko haina njia: ndoa iliyofungwa huku mmoja wao yumo katika ndoa nyingine haidhaminiki. Anayemwacha mke wa kwanza “kwa karatasi tu” ili amlete wa pili, akidhani kwamba talaka ya fomu haina uzito mbele ya Mwenyezi Mungu, aende kwa kadhi akaulize alichokifanya.

Ombi letu ni kwa masheikh na wazee wanaofungisha ndoa zenye mguu mmoja bara jingine. Kabla ya khutba ya nikaha muulizeni bwana harusi, mbele ya walii, alijiandikisha vipi alipoingia nchi anayoishi; kama yeye mwenyewe alidhaminiwa na mke aliyepita, maana aliyeingia kwa mlango huo hana ruhusa ya kumdhamini mwingine hadi itimie miaka 5; na kama ana deni la udhamini wa zamani au anaishi kwa posho ya serikali, isipokuwa ile ya ulemavu, kwani hayo nayo humzuia. Walii ana haki ya kuyajua haya kama alivyo na haki ya kujua dini na tabia ya mposaji. Na binti aelezwe kwa lugha anayoifahamu, kabla ya kusafiri, kwamba kadi ile itakuwa yake na paspoti ni yake.

Kijana wa Edmonton alikuja Tanga mwezi wa Shaaban kwa likizo ya wiki tatu. Nikaha ilifungwa upya, yeye akiwa ameketi juu ya mkeka ule ule, kwa mahari ndogo ambayo bibi harusi aliitaja mwenyewe, na cheti kikaandikwa siku hiyo hiyo. Maombi mapya yamekwisha kupelekwa. Baba wa binti alituambia kwamba safari hii hakupika pilau.